Wino wa Machungwa, Nunguni

Mama alinituma nimrudishe dadangu nyumbani. Kamene huchapisha vipande vya umeme huko Nunguni: hupaka wino maalumu juu ya plastiki nyembamba, nao ukikauka hugeuza mwanga kuwa umeme kidogo. Kimiminika cha kuyeyushia wino huo kilimtia kizunguzungu hadi akaanguka kanisani, na daktari akamkataza kukigusa. Mama akasema imetosha. Mimi miguu hainitulii; kesho yake nilikuwa njiani.

Alfajiri, Mwingi. Lori lilipita penye kibanda chetu cha zamani, ambapo sasa wanauza simu. Hapo mimi na Kamene tulichapa fulana za kwaya, tukazianika juani juu ya ua, harufu ya tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, imetujaa, tunaimba. Nilitamani dereva asimame kidogo.

Mchana nilishuka Malili, nikanywa chai, nikapata gari la kupanda milimani.

Nunguni kulikuwa na ukungu. Kamene alikuwa na glavu, madirisha wazi, na chumba kizima kinanukia machungwa.

"Umetumwa na mwaitu," alisema, akimtaja mama kwa Kikamba.

"Nimekuja kukusalimia tu."

"Na hilo gunia tupu ni la kubebea salamu?"

Akanieleza kuwa amepata kimiminika kingine, kinachotokana na maganda ya machungwa. "Si cha kunywa, lakini kichwa hakiniumi. Shida yake kinakauka polepole. Kikikataa kufanya kazi, nitakujazia gunia lako twende."

Alipotoka kuteka maji, jua lilichungulia. Mikono yangu ikafanya ilichozoea: nikachukua plastiki aliyotoka kuipaka, nikaianika uani. Aliporudi, jua lilikuwa limeukausha wino haraka mno, ukajikunja madoadoa.

"Musyoka, hii si fulana ya kwaya."

Wino uliobaki ulitosha kipande kimoja. Alikipaka, akakiweka juu ya bati lenye joto kidogo, akakifunika, akaniamuru nikalie mikono yangu. Tulingoja hadi jioni tukiwaigiza wanakwaya wa zamani, sauti ya tatu hasa, iliyokuwa haishiki noti.

Kisha akaunganisha nyaya, akawasha taa juu yake. Sindano ya kipimo cha umeme ikatetemeka, ikapanda, ikakaa. Kamene akafuta macho kwa kiwiko.

Nilirudi Mwingi peke yangu.

"Yuko wapi?" mama aliuliza.

"Yuko kazini. Haumwi."

Akauliza kama anakula vizuri.

Miaka yote nimeitamani harufu ya tina, nikidhani ndiyo ujana wangu. Kule Nunguni harufu hiyo haikuwepo, na tulicheka vilevile.