Gauni la Shukrani la Jirani

Tangu alipokatwa titi la kulia, dada yangu alikuwa na utaratibu dukani kwake ambao mafundi wenzake waliucheka. Gauni la mwanamke aliyepitia kisu kama yeye halikutoka mpaka alivae yeye kwanza. Alivuta pazia, akalivaa, akainama kuokota pini, akanyoosha mikono kama anayeanika nguo, akakaa, akainuka.

“Mbele ya kioo kila nguo ina adabu,” alisema. “Hebu iiname tuione.”

Upande usio na titi alishona mfuko kwa ndani, na kwenye mfuko huo hutiwa kifuko cha kitambaa laini kilichojaa mtama. Mtama una uzito, unamsaidia mtu asiende upande kama meza yenye mguu mfupi. Aliuchambua mwenyewe kwenye ungo, maana changarawe moja tu inamsumbua mwenye kovu kutwa nzima.

Mteja wake wa kwanza wa nguo hizo alikuwa mwanamke aliyekaa kiti kilichopakana na chake kwenye chumba cha dripu, wakati wote wawili wanatiwa dawa. Ni msusi, naye alikatwa la kushoto. Waliitana Jirani kwa sababu ya viti vile, na mpaka leo sijazoea kumwita jina jingine. Siku nywele zilipowatoka, dada alimwambia, “Msusi kipara! Nani atakuletea kichwa chake?” Naye akamjibu, “Na wewe fundi wa kifua kimoja, wateja si watadai wapunguziwe bei?” Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Dawa zilipokwisha na mionzi ikaisha, walinunua pamoja kitambaa cha zambarau cha kutosha magauni mawili. Walikubaliana kwamba siku vipimo vikitoka safi, dada atashona, Jirani atasuka, nao watasimama pamoja kanisani kumshukuru Mungu. Mimi nilikuwapo wakipanga. Waligombana hata juu ya nani atashika kipaza sauti kwanza.

Majibu ya Jirani yalitoka safi. Ya dada hayakuwa hivyo.

Daktari alituonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Ini la dada lilikuwa na doa, dogo, ungeweza kudhani ni uchafu wa kioo. “Sijui bado ni nini,” alisema. “Inaweza kuwa kitu cha kawaida, inaweza kuwa ugonjwa umerudi. Tuchukue kipande kidogo cha nyama kwa sindano tukipime. Tusikawie.” Akampa siku ya kurudi.

Nje, kwenye benchi, nilianza kumwombea dada kwa sauti ya chini. Akautoa mkono wangu begani pake.

“Mwambie Mungu anieleze kitu kimoja. Dawa ile ile. Chumba kile kile. Mimi nilifunga na kusali, yeye hata Jumapili anasuka watu. Amenizidi nini?”

“Dada, usiseme hivyo.”

“Nimeshasema. Na Jirani asijue. Ole wako ukifungua mdomo.”

Jirani alikuja dukani siku iliyofuata na furaha yake yote. Alimkumbatia dada, mkasi ukiwa bado mkononi mwa dada, akamzungusha kati ya mabaki ya vitambaa.

“Safi, Jirani! Hakuna kitu! Na wewe?”

“Yangu bado hayajatoka,” dada akasema. “Hongera.” Alitoa neno hilo kama mtu anayeng’oa jino. “Simama nikupime upya, umenenepa.”

“Ni afya hiyo!”

“Naiona.”

Alipoondoka, dada alirusha futi yake ya kupimia juu ya mashine. “Umesikia? Afya hiyo! Mtu ana titi moja na bado anatamba.”

Kuanzia hapo wivu ulihamia dukani kama mpangaji. Jirani akituma ujumbe, dada alisoma na kusonya. Nyusi za Jirani ziliota vizuri kuliko zake, hilo nalo likawa kosa. Nilimsihi aende kwenye sindano, akasema atakwenda akimaliza gauni la watu. Siku yenyewe ilipofika nilimkuta amekaa kwenye mashine, anashona pindo, miwani imeshuka puani.

“Dada, leo ndiyo siku yenyewe.”

“Nikaingie wodi ile wauguzi waniambie, umeona mwenzio? Yule wa kutia wengine moyo sasa ni yeye, mimi ni yule wa kuonewa huruma. Siendi.”

Niliomba sana kipindi kile. Sikuomba doa liondoke, nilithubutu tu kuomba dada ainuke kwenye kile kiti. Daktari alikwisha sema tusikawie, na yeye alikuwa anakawia kwa makusudi, siku zinapita, kwa hasira ya afya ya mwenzake.

Jirani akaja kujaribu gauni. Aliingia nyuma ya pazia, na kwa muda tukasikia tu kitambaa kikichakacha. Halafu akaanza kucheka.

“Fundi! Mfuko huu wa nani?”

Akatoka. Gauni lilikuwa zuri, mshono wake kama umechorwa. Lakini mfuko ulikuwa upande wa kulia. Upande wa kushoto wa Jirani ulikuwa bapa, na kulia, juu ya titi lake zima, mfuko ulijikunja ukafanya nundu. Nilimtazama dada. Alikuwa amelivaa gauni lile kabla kama kawaida yake, akainama, akanyoosha mikono, akaona limemkaa vizuri kabisa. Ndiyo, lilimkaa. Alikuwa amejishonea mwenyewe wala hakujua.

Cheko la Jirani likakatika. Hakuwa mjinga.

“Jirani. Majibu yako yalitoka lini?”

Dada alikuwa anaokota pini ambazo hazikuanguka.

“Nakuuliza wewe.”

“Siku ile ile na yako,” dada akasema. “Kuna kitu kwenye ini. Haya, umejua. Nenda kanisani kashukuru.”

“Na uliniambia hongera.”

“Ulitaka nikwambie nini? Kwamba nakuonea wivu mpaka nashindwa kukuombea? Kwamba nikikuona mlangoni natamani kizunguzungu kingekushika hata kidogo tu? Nilitaka liwe langu, Jirani. Si gauni. Hayo majibu.”

Nilitaka kusema jambo la kupoza. Jirani akaninyooshea kiganja nisiseme. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa amekasirika kwelikweli.

“Ungenichukia nikiona, ningevumilia. Wewe umenichukia kwa siri huku unanipima kiuno! Sindano ya kupima lini?”

“Imepita.”

“Imepita ni nini? Ni basi la abiria?” Akanigeukia. “Na wewe mdogo wetu, ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa naomba,” nikasema.

“Umeomba vizuri. Sasa nipe kitana.”

Alimkalisha dada kwenye kile kiti cha mashine, bado yeye amevaa gauni lenye nundu, akaanza kumsuka. Nywele za dada zilikuwa fupi, zinateleza vidoleni.

“Unaniumiza,” dada akasema.

“Nafanya makusudi. Kesho asubuhi nakuja, tunakwenda kuomba siku nyingine.”

“Unakuja kunitambia afya yako?”

“Nakuja kukubebea mkoba. Njiani unichukie upendavyo, hata kwa sauti.”

Kesho yake dada alikwenda amevaa zambarau, lile gauni lililokuwa lake toka mwanzo. Aliporudi aliniambia kwamba kweli alimchukia Jirani mpaka kwenye mlango wa chumba cha sindano, na kwamba hapo alimshika mkono kwa nguvu mno hata kucha zikaacha alama.

Majibu yalikuwa yale tuliyoyaogopa. Alianzishiwa dawa nyingine, ikampa muda, si mrefu kama tulivyomwomba Mungu, naye ndiye ajuaye kwa nini. Katika muda huo alishona gauni la pili, la Jirani, mfuko kushoto. Alilivaa kulijaribu kama desturi, akatoka nyuma ya pazia, amekonda, na nundu kifuani.

“Tazameni,” akasema, “wivu umenitokea nje.”

Jirani alicheka mpaka akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa. Hilo ndilo gauni la mwisho alilomaliza dada yangu.

Jirani alisimama kanisani na dada akiwa bado hai, wote wawili katika zambarau, na kipaza sauti alikishika dada kwanza. Dada tulimzika na gauni lake. La Jirani nalikuta kila Jumapili, mabenchi mawili mbele yangu. Mtama ulio kifuani pa Jirani, dada aliuchambua kwa vidole vyake. Mimi aliniachia mashine na futi, na sijui kushona. Namwomba Mungu anisaidie niangalie madhabahu, na mara nyingi naangalia gauni.