Nani Ananyoa Sungura wa Binti Yangu?

Kosa langu nalikiri mapema: nilimshtaki paka wa jirani mbele ya mwenye paka, nikiwa na slipas miguuni na bila ushahidi wowote.

Sungura mweupe ni wa binti yangu. Akirudi bweni aliniambia, "Dadi, huyu asikufie," na hakuwa anatania. Zikiwa zimebaki siku chache shule zifungwe, nikaona mgongoni mwa sungura viraka vya ngozi tupu. Na baridi ya Julai huku kwetu haimhurumii hata mwenye koti. Nikamshuku panya. Nikamshuku mama wa maziwa, maana alikuwa na kofia mpya yenye manyoya.

Muuza dawa za mifugo kule Roret alinihoji kama polisi. "Anajikuna?" Hapana. "Ngozi ina magamba? Vidonda?" Safi kabisa. "Basi utitiri sidhani, na fangasi pia sidhani. Ni jike? Jike akikaribia kuzaa hujinyofoa manyoya atandike kiota."

"Ni dume. Na yule mweusi anayelala naye ni dume pia, mpole ajabu. Anamlamba mwenzake kutwa."

"Mpole," akasema, akacheka peke yake.

Jioni nikanyunyiza unga wa ugali kuzunguka kibanda, nimnase mwizi kwa nyayo. Asubuhi nyayo zilikuwa za slipas, tena zangu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaamua paka ameruka.

Jirani, mama mmoja mchuma chai, alinisikiliza kikapu kikiwa bado mgongoni. Alikuja moja kwa moja hadi kibandani, akachuchumaa, akamshika yule mweusi mpole kidevu. Masharubuni alikuwa na manyoya meupe.

"Wanakula nini hawa?"

"Chakula cha dukani. Na mkate."

"Nyasi?"

Nikaanza kueleza habari ya umande, matope, na kifua changu kisichopenda baridi. Yeye akanyoosha mkono tu, akang'oa konzi ya nyasi pale pale kando ya kibanda, akaisukuma ndani. Mweusi aliacha mgongo wa mwenzake, akatafuna bila kupumua.

Mama akasimama, akaweka kikapu sawa.

"Wewe jirani, nyasi imekufikia mpaka mlangoni na mnyama anakula mwenzake kwa njaa. Paka wangu umwombe msamaha, halafu uvue slipas utafute gambuti."