Bendera ya Njano ya Bu Hessa

Muharraq nzima, huku Bahrain, inamjua Khalaf kwa halua yake, na mimi sibishani nao. Ukishaionja ya kwake, ya wengine unaila kwa adabu tu. Lakini kumjua Khalaf ni kumfuata uwanja wa mbio za magari wa Sakhir siku ya mashindano, umkute kwenye kona na ovaroli lake la rangi ya chungwa, bendera ya kuwaonya madereva mkononi. Halipwi kitu. Ameifanya kazi hiyo miaka na miaka, kwa kupenda tu.

Msimu ule ulikuwa mtihani. Binti yake wa pekee, Hessa, alikuwa akishindania ubingwa wa taifa wa gari za kiti kimoja, zile za magurudumu yaliyotokeza nje. Na mpeperusha bendera hashangilii mtu, hata awe mwanawe. Hessa akipita, Khalaf alikakamaa hivi kwamba mwenzake wa konani, Nader fundi viyoyozi, alimwambia anafanana na mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Zikafika mbio za mwisho. Hesabu ilikuwa nyepesi: kati ya Hessa na kijana mmoja, Talal, atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye bingwa. Upepo ulikuwa umemwaga mchanga barabarani. Zikiwa zimebaki duru chache, gari moja likateleza kwenye kona ya Khalaf, likazima katikati ya njia. Nader akakimbia kulisukuma. Khalaf akapeperusha bendera ya njano, maana yake punguza mwendo, usimpite mtu, kuna binadamu mbele.

Talal akapunguza. Hessa hakupunguza. Alimpita Talal palepale, ndani ya vumbi, na gurudumu lake likapita karibu na goti la Nader.

Nader alirudi ukingoni rangi imemtoka. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu. Aliyeona vizuri ni Khalaf peke yake, na redio ya kuripotia makosa kwa waamuzi ilikuwa kiunoni mwake.

"Bu Hessa, iache hiyo redio," Nader akamwambia, akimwita baba kwa jina la binti yake. "Aliyekuwa barabarani ni mimi, na mimi nimeshamsamehe. Ni mtoto wetu yule."

"Wewe umesamehe. Na lingekuua, mkeo je, ningempelekea halua nimwambie pole?"

Khalaf akaishika redio. Mkono uliokoroga sufuria la shaba maisha yake yote ukabonyeza kitufe, na kwa sauti iliyotulia akataja namba ya kona, namba ya gari, na kosa. Walipomtaka arudie namba ya gari, akairudia. Jamani, kuna wanaume wangapi wangeirudia?

Hessa alikuwa wa kwanza kuvuka mstari, lakini adhabu ilikuwa imeshatoka, akaongezewa sekunde, na ubingwa ukaenda kwa Talal. Alikwisha kuambiwa yote kwa redio iliyo ndani ya kofia yake, na nani ameripoti pia.

Baada ya mbio, madereva huzunguka mara moja taratibu, wanawapungia mkono watu wa kona, nao wa kona hupeperusha bendera zote kwa pamoja. Talal akapita, akapunga. Wengine wakapita, wakapunga. Khalaf alipeperusha huku macho hayabanduki kwenye njia.

Hessa alikuja wa mwisho. Alipofika konani akapunguza mpaka gari likawa linatambaa, akafunua kioo cha kofia. Macho yalikuwa mekundu. Hakumtazama baba yake hata kidogo. Alimgeukia Nader, akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka kona ikaisha.

Nader akainua mkono wake kumjibu, kisha akageuka kutaka kusema neno. Khalaf hakuwa na nafasi ya kusikiliza. Alikuwa amezikusanya bendera zote, na za Nader pia, anazipeperusha kwa mikono miwili, machozi yanamtoka waziwazi, na gari lilikuwa limeshapotea zamani.