Gemu ya Shamba la Natta

Boke na Orwa walifika Natta wakiwa hawaongei. Njia nzima Boke alikuwa akifungua mdomo amwambie mwenzake neno moja, kisha anaufunga.

Boke ana duka dogo la vifaa vya shule Nyamisangura, mjini Tarime. Orwa ni jirani yake, mwalimu wa kompyuta wa sekondari. Kilichowaunganisha ni gemu, na hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Boke alijifunza kuprogramu kwa video za kwenye simu, wakati dukani hakuna mteja, na alitaka kutengeneza gemu ya mtu anayelinda mahindi yake yasiliwe na tembo. Orwa aliposikia alicheka. Boke akamwonyesha sehemu aliyokwisha kuiandika kwa Python, lugha ya kuprogramu: kiboksi cha kijivu kikikifukuza kiboksi chekundu. Orwa akavuta kiti.

Ugomvi ulikuja walipotakiwa kuchagua vifaa vya kumalizia kazi. Kuihamishia ile Python kwenye simu ilikuwa shughuli pevu. Boke akataka wahamie Godot, injini ya kutengenezea gemu, ya bure na nyepesi, ambayo lugha yake haiko mbali na ile aliyoizoea. Michoro angeichora mwenyewe kwa programu ya Krita, picha bapa, za kawaida. Orwa hakutaka hata kusikia. Binamu zake wa Migori walikuwa wamempa kompyuta yenye nguvu, naye alitaka lugha ya C++ na tembo wa pande tatu aliyeundwa kwa programu ya Blender, mwenye mikunjo ya ngozi na vumbi miguuni.

"Sasa unataka watu wacheze katuni?" alimwuliza.

"Nataka wacheze. Nani kule kwetu ana mashine kama hiyo yako?"

"Boke, tembo lazima atishe."

"Tembo anatisha bila msaada wako."

Mwisho Orwa akasema kila mmoja atengeneze kipande chake, waende Natta kwao Boke, watu wa mashamba yenyewe waamue. Boke hakutoa sababu ya kukataa. Sababu alikuwa nayo, ila hakuwahi kumwambia mtu yeyote mjini. Orwa alijua tu kwamba Boke alikuwa na kaka akafariki. Jinsi alivyofariki, hakujua.

Mama yake Boke, ambaye majirani wanamwita Mama Nikodemo mpaka leo, aliwapokea barazani akiwa na ungo wa maharage mapajani. Alikuwapo pia jirani yao Matiko, mlinzi katika kambi moja ya watalii. Orwa alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa vizuri, akaweka kompyuta juu ya stuli.

Kioo kilipowaka, Boke alilitambua shamba. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa Orwa picha za shamba la nyumbani ili aige miti. Orwa hakuishia kwenye miti. Uzio wa miiba ulikuwapo, na ghala, na njia inayoshuka mtoni. Kati ya mahindi alisimama mwanamume wa shati jekundu. Kile kiboksi chekundu cha Boke, Orwa alikuwa amekigeuza mtu.

"Haya, kaka, bonyeza hapa," Orwa alimwambia Matiko.

"Orwa, tuanze na yangu," Boke alisema.

"Ngoja kidogo tu, waone."

Matiko akabonyeza. Mahindi yakatikisika. Tembo akatoka, mkubwa, masikio yamefunguka, na vumbi likapanda kweli kama Orwa alivyoahidi. Matiko alichanganya vitufe, yule mtu akakimbilia uzioni badala ya nyumbani. Mkonga ukamnyanyua. Alipoanguka hakuinuka.

Matiko alitoa mkono kwenye kompyuta kama aliyeungua. Orwa, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kioo tu, aliendelea, "Mama, hilo vumbi lilinisumbua sana, kila punje..."

"Zima."

"Ni gemu tu mama, anaanza upya..."

"Zima, mwanangu."

Boke alifunga kompyuta kwa viganja vyote viwili. Mama yake aliuweka ungo chini, maharage mengine yakimwagika, akaingia ndani. Matiko ndiye aliyemwambia Orwa, kwa sauti ya chini: Nikodemo, kaka yake Boke, aliuawa na tembo, uzioni pale pale, akiwa na shati jekundu.

Orwa alimgeukia Boke. "Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?" Boke alijibu, akamfuata mama yake.

Alimkuta ameketi kitandani, mikono imelala magotini. Boke alisimama mlangoni, asijue aombe msamaha wa nini kwanza.

"Lile shati," mama alisema, "nani alimvika?"

"Ni mimi, mama. Tangu mwanzo."

Nje kuku walikuwa wanaparua maharage yaliyomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Kwenye hicho chombo chenu hawezi kufika nyumbani?"

"Anaweza. Akikimbia vizuri anafika."

"Mbona mimi sikumwona akifika?"

Boke alitoa simu yake, akaketi kando ya mama. Kipande chake hakikuwa na vumbi wala mikunjo. Tembo alikuwa kivuli kipana, mtu alikuwa mdogo kama punje, na nyumba ilikuwa na dirisha moja la manjano. Alianza kucheza, vidole vikiteleza kwa jasho. Kivuli kikatoka. Akamgeuza mtu mbali na uzio, akampitisha katikati ya mistari ya mahindi, kivuli kikapunguza mwendo, kisha kikamfuata tena. Boke aliwaza kwamba mtu huyo akikamatwa hapa, mbele ya macho haya, hataigusa tena kazi hii maishani. Mtu akafika ghalani. Akazunguka. Mlango ukafunguka, akaingia, ukafungwa.

Mama alikitazama kile kidirisha cha manjano mpaka kioo kikajizima.

"Rudia," alisema.

Boke akarudia. Mara ya tatu ndipo mama alipolia, na Boke naye.

Walipotoka, Orwa alikuwa anaokota maharage barazani. Alisimama, akasema, "Mama, nisamehe." Mama Nikodemo akampokea ule ungo, akamwambia asiondoke kabla ya kula.

Wakakubaliana kutumia Godot. Lakini Orwa hakuja dukani kwa muda mrefu, na Boke alidhani ndiyo basi. Siku aliyorudi alikuja na malalamiko: ile lugha ya Godot inamlazimisha kuacha nafasi mwanzoni mwa mistari kama mtoto wa darasa la kwanza, na bado anaamini C++ ingekwenda kasi zaidi. Boke alimsogezea kiti. Matiko alikuwa ameshapiga simu kutoka kambini, akasema tembo wao hanusi upepo, na tembo asiyenusa upepo ni uongo mtupu. Wakaanza na upepo, na kabla ya saa kuisha walikuwa wanabishana tena.