Kifaransa cha Kashaulili

Simu ya Kapteni ilinikuta shambani Kasokola, karibu na Mpanda, nikiwa nimeinama, nang'oa karanga na mama. Mimi ni rubani msaidizi wa jeti ndogo ya kukodi, zile ndege wanazopanda wenye haraka zao, na wakati huo nilikuwa likizo. Mama hapendi mtu apokee simu shambani. Nikajifanya nakwenda kunywa maji, nikakimbilia kwenye kichuguu mwisho wa shamba, maana ndipo mtandao unaposhika.

"Likizo tamu?" akauliza Kapteni. Ni mtu wa Tanga, mzaha wake hauji na kicheko, kwa hiyo hujui lini anatania.

"Tamu, Kapteni."

"Basi ukirudi tunaenda Kinshasa na abiria wanne. Ndiyo safari yako ya kwanza nje ya nchi, na utaipanga wewe, kuanzia vibali mpaka chai ya abiria. Mimi kazi yangu ni kukagua na kunung'unika."

Nikasubiri acheke. Akakata simu.

Nilirudi kwenye karanga nikiwa nimevimba kichwa. Mama akaniuliza Kinshasa ndiyo wapi. Nikamwambia Kongo.

"Kongo si hapo ng'ambo ya ziwa? Wavuvi wa Karema wanakwenda wanarudi."

"Hii ni Kongo ya mwisho kabisa, mama. Karibu na bahari ya upande ule."

"Sasa kutoka Dar mtapitia wapi?"

Nikachora kwa kijiti kwenye udongo: Dar huku, Kinshasa kule, na mstari katikati. Mstari ulipita karibu kabisa na Mpanda. Mama akautazama, akaridhika. "Basi ukifika hapa shuka unywe uji," akasema, akaendelea kung'oa. Baba yangu alihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani, na mama alitembea nyuma ya ng'ombe hao. Kwake yeye safari ya kupita nyumbani bila kusimama ni utovu wa adabu.

Kampuni yetu ni ndogo, hatuna ofisi ya wapangaji wa safari. Rubani anapanga mwenyewe. Njia na mafuta havikunisumbua, hesabu hizo nazipenda. Uwanja wa akiba, yaani pa kukimbilia kama Kinshasa pamefungwa na mvua, ulinifikirisha kidogo. Brazzaville iko ng'ambo ya mto tu, lakini mvua inayonyesha Kinshasa haiulizi mpaka, inanyesha na kule. Nikachagua Luanda, kusini, nikaomba kibali cha Angola pia. Nikajisifu mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kunisifu.

Kilichonikwamisha ni wakala wa Kinshasa. Wakala ndiye anayekupokea uwanjani, na kabla ya hapo ndiye anayekutafutia kibali cha kutua na gari la mafuta. Nilimwandikia barua pepe ndefu ya Kiingereza safi. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, kwa Kifaransa. Nikamwandikia tena. Akatuma sauti nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, nzito, haina pa kuvuta pumzi. Kifaransa changu kinaanzia kwenye bonjuu na kinaishia kwenye mersi, na yote mawili hakuyasema.

Kapteni akapiga kuuliza. "Wakala vipi? Nasikia yule ni Kifaransa kitupu."

"Tunaelewana, Kapteni."

"Hongera. Sikujua unakiongea."

Ningeweza kumsahihisha. Nikasema mtandao unakatika.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Kashaulili, mjini Mpanda, kwa mshonaji mmoja rafiki wa mama, ambaye namwita mama mkubwa. Yeye alizaliwa Bujumbura akasomeshwa na masista, kabla ya vita kuileta familia yao huku. Sasa ni raia kama mimi na kibanda chake cha kushonea hakikosi watu. Siku hiyo alikuwapo mteja mmoja tu, na huyo tulimsikia bila kumwona: mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekaa nyuma ya pazia akisubiri suruali yake ibandikwe kiraka. Alikuwa ameivua. Hakuwa na pa kwenda.

Mama mkubwa akasikiliza ujumbe wa sauti huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Ulipokwisha akasema, "Ana sauti nzuri."

"Anasema nini, mama mkubwa?"

"Anataka kujua abiria ni nani na mnataka mafuta kiasi gani. Mengine ni kujivuna tu. Mpigie tumalize."

Nikampigia, nikaweka spika, simu juu ya meza katikati ya vifungo na chaki. Yule bwana akapokea. Mama mkubwa akabadilika mbele ya macho yangu. Akakaa wima, akalainisha sauti, Kifaransa kikamtoka kama maji. Nikamwambia aulize kibali kitatoka lini. Akauliza. Lakini swali langu lilikuwa fupi na lake likawa refu, halafu wote wawili wakacheka.

"Umemwuliza nini?"

"Kibali."

"Kibali kinachekesha hivyo?"

"Nimemwuliza ana watoto wangapi. Lazima mtu ujue unaongea na nani."

Wakala akaanza kueleza jambo kwa nguvu. Nyuma ya pazia, muuza ng'ombe akashindwa kuvumilia. "Mwambieni apunguze! Anafoka kama mbuzi aliyefungwa kwenye pikipiki!"

Mama mkubwa akafunika mdomo kwa kitambaa. Mimi nilikuwa na wasiwasi na kibali changu, na hapo ndipo nilipotoa ushauri ambao bado unaniwasha masikio. "Msifu, mama mkubwa," nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, maana nani Kinshasa angeelewa? "Mwambie tumesikia hakuna wakala kama yeye mjini kote. Wanaume wenye kujivuna hivi ukiwapaka mafuta kidogo wanafanya kazi haraka."

"Mafuta gani tena, ya ndege?" akauliza muuza ng'ombe.

"Ya mgongo wa chupa!" akajibu mama mkubwa, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Kisha akajikohoza, akageukia simu, akamwaga sifa hizo kwa Kifaransa chake cha masista.

Halafu ile sauti nzito ikasema, taratibu, kwa Kiswahili: "Mama, aksanti kwa sifa. Lakini ile mbuzi ya kwenye pikipiki, ni miye?"

Cherehani ikasimama. Nyuma ya pazia kiti kikalia.

"Mimi ni mutoto ya Kalemie," akaendelea. "Kiswahili ni ya kwetu. Nilibaki kimya juu nilipenda kusikia muko munasema nini."

Kalemie! Ukisimama Karema ukatazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko mbele ndiko kwao. Nilikuwa nimemtafutia mkalimani jirani yangu mwenyewe. Aliyejiokoa haraka ni mama mkubwa.

"Baba, la mbuzi hakulisema mtu wa hapa," akasema. "Ni huyu mteja, na hata suruali hana."

"Mama mshonaji!" pazia likalalamika.

Wakala akacheka mpaka spika ikakwaruza. Akaniambia nisihangaike, kibali nitakipata, na barua zangu alizielewa zote. Mbona basi hakujibu kwa Kiswahili? Akasema nilimwandikia Kiingereza kirefu kama mwalimu mkuu, akaona naye anionyeshe lugha yake ya ofisini.

Kibali kilikuja kama alivyoahidi. Nikarudi Dar, Kapteni akakagua mipango yangu ukurasa kwa ukurasa na kunung'unika kwenye chai tu, akitaka tangawizi iongezwe. Tukaondoka asubuhi na abiria wetu, watu wa madini wenye laptopu zilizofunguka hata kabla ya magurudumu kukunjwa.

Tulipita Katavi, mkoa wetu, tukiwa futi elfu arobaini. Niliangalia chini nikaona kahawia na kijani, na mahali fulani mle mama alikuwa akianika karanga. Uji haukunyweka. Ziwa likaja, refu na la bluu, na ng'ambo yake mji uliojibanza ufukweni. Kapteni ndiye aliyekuwa akiongoza. Nikatoa simu nikapiga picha moja.

Baada ya hapo ni misitu. Nilikuwa nimeipima kwenye ramani, lakini ramani haikuniambia kwamba utatazama kijani mpaka uchoke, ufumbe macho, ufumbue, ukute kijani kile kile. Mawingu makubwa yalisimama njiani, nikaomba kuyazunguka, nikakubaliwa, na mafuta ya ziada niliyoyabishania na hesabu zangu yakapata kazi. Kisha mto ukatokea, mpana kama ziwa lililoamua kusafiri, na tukatua.

Wakala alikuwa akitusubiri. Nilitarajia kijana wa suti. Nikakuta mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, koti la kung'aa la uwanjani juu ya shati lililopigwa pasi vizuri. Alimpa Kapteni mkono, akanigeukia, uso mkavu kabisa, akaanza kunihutubia kwa Kifaransa. Akaonyesha ndege, akaonyesha mbingu, akaonyesha viatu vyangu. Alichukua muda wake.

Kapteni akanitazama. "Anasemaje?"

Nini kingeniponya? "Anatukaribisha," nikasema. "Na gari la mafuta liko njiani."

Mzee akamgeukia Kapteni. "Kapteni," akasema kwa Kiswahili, "nilikuwa namuuliza kama anajua Kifaransa. Sasa nimejua."

Katika miaka yote niliyomfahamu Kapteni, sikuwahi kumwona akicheka mpaka ashike bawa la ndege. Siku hiyo alilishika. Kisa changu kikasimuliwa upya pale pale, mbuzi, pikipiki, suruali na yote, na mzee hakuacha hata mgongo wa chupa. Kisha akanishika bega, akasema mimi ni mtoto wa jirani na watoto wa jirani lazima watiwe adabu kidogo.

Abiria walipokwishaondoka nikakumbuka picha, nikampa simu. "Mzee, hii ni Kalemie, leo asubuhi."

Akaacha kucheka. Akavaa miwani. Alikuwa hajafika kwao muda mrefu, akaniambia, na mama yake bado anaishi kule, kwenye nyumba aliyozaliwa yeye. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na kule, akaikuza tena mpaka ikawa vumbi la rangi. Nikainama naye.

"Ile," akasema. "Pembeni ya barabara. Ile ni paa ya mama."

Mimi niliona nukta. "Naiona," nikasema.

Kapteni akamaliza kuizunguka ndege, akatukuta tumeinamia simu kwenye jua kali la uwanja. "Mnatafuta nini nyie?"

"Nyumba," tukamjibu.

Akaingiza kichwa chake katikati yetu. "Ipi? Ile ya bati?"

"Kapteni," akasema mzee bila kuinua macho, "zote ni za bati."