Futi Moja ya Bi Kinue

Bi Kinue Hatta alikuwa na miaka themanini na mmoja, na jua halikuwahi kumkuta hajafagia. Kichochoro chao cha Kyoto kina kanuni isiyoandikwa popote: fagia mbele ya mlango wako, kisha futi moja upande wa jirani. Ukiishia mpakani, wewe mchoyo. Ukizidisha, umemwambia jirani kwamba hajiwezi. Bi Kinue aliipima futi hiyo kwa jicho, wala hakukosea.

Pale mpakani palikuwa na mginko, mti mkubwa wa jirani yake, Mwalimu Murase, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila Novemba ulimwaga majani ya njano, na upepo ukayapeleka yote kwa Bi Kinue. Majani hayo yakilowa hung'ang'ania mawe kama yamegundishwa. Mwingine angekwangua kwa hasira. Yeye aliulaza ufagio wake wa mianzi, akavuta kwa mapigo mafupi, nguvu ikitoka kiunoni, mpaka jani likaachia lenyewe. Wapo mafundi wanaosifiwa dunia nzima kwa ustadi mdogo kuliko huo.

Alhamisi moja akafungua mlango, akakuta mawe yake hayana hata jani. Mwalimu alikuwa amefagia yote, mpaka kizingitini.

"Mwalimu! Umeshanizika?"

"Nisamehe, Bi Kinue. Mti wangu unakutesa. Jumamosi mkata miti anakuja kuuangusha."

"Nani kakwambia nateseka?"

"Jana nilikuona umeshika kiuno."

"Kiuno changu, nakishika nitakapo!"

Alicheka, lakini alipofunga mlango aliurudisha ufagio pembeni bila kuutumia. Bila mti ule, angeamkia nini? Na kumwambia mtu usiukate mti wako ni kuvuka mpaka zaidi hata ya kumfagilia mlango. Hilo hakuweza.

Ijumaa hakufagia.

Kufika saa mbili asubuhi majani yalikuwa yamefunika njia, na kichochoro kizima kilikuwa mlangoni pake. Mwalimu alitangulia, kandambili moja tu mguuni.

"Bi Kinue! Uko hai?"

Mlango ukafunguka. Bi Kinue alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Nipo. Najaribu asubuhi isiyo na ufagio."

"Ehe, ikoje?"

"Ndefu! Hata chai haina ladha. Lakini sina budi kuizoea, maana mwakani zitakuwa zote hivi."

Mwalimu aliutazama mti, akaitazama miguu yake mwenyewe, akagundua kandambili iliyokosekana. "Nitamwambia apunguze matawi ya juu tu," alisema hatimaye.

"Mti ni wako, Mwalimu. Mimi sijasema neno."

Jumamosi Bi Kinue alitoka gizagiza, akafagia kwake, akaongeza futi moja upande wa Murase. Mwalimu naye alifagia kuelekea kwa Bi Kinue, akavuka mpaka, akaishia futi moja na vidole viwili.

Bi Kinue aliviona vile vidole viwili. Akamwachia.