Mgunga Ulionyolewa kwa Heshima ya Wageni

Vita vilipoanza kaskazini mwezi wa Oktoba 1990, wataalamu wa kigeni waliokuwa wamekuja kuiokoa misitu ya Rwanda waliona ni busara kujiokoa wenyewe kwanza. Mmoja wao, bibi wa Kibelgiji aliyekuwa na ofisi Kimihurura, alimwachia mpiga chapa wake urithi: mche wa mgunga wa Australia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Hautakuwa mti mkubwa, alieleza, ni kichaka tu. Unastahimili ukame, unachanua maua ya manjano, na hautaki kubembelezwa. Kisha akapanda gari kwenda uwanja wa ndege.

Mpiga chapa huyo aliitwa Spéciose, na katika maagizo yote hayo alishika neno moja tu: manjano.

Aliupanda mbele ya nyumba yake, kwenye mteremko wa Gisozi, akaanza kuutunza mmea usiotaka kutunzwa. Asubuhi aliumwagia maji aliyoyapandisha kutoka bondeni kwa jasho lake, na jioni akaumwagia mengine, usije ukajiona mpweke. Akaurundikia samadi hadi shingoni. Mche ulitoa shukrani kwa kupukutisha majani. Spéciose akadhani ni kiu, akaongeza maji. Ulikuwa karibu kufa kwa kupendwa pale malaria ilipomlaza yeye mwenyewe kitandani. Alipotoka nje tena, amekonda na kanga inamvuka kiunoni, aliukuta mgunga umenenepa. Tangu hapo akajifunza kazi ngumu kuliko kuchota maji: kuupita bila kuugusa.

Basi ungechanua, kama Spéciose asingekuwa na mume.

Léonce alikuwa mtunza bohari, na kilimani kwao heshima ya mwanamume ilipimwa kwa uzio wake. Uzio wa minyaa ulionyooka kama meza ulikuwa dalili ya akili. Uliochanua ovyo ulikuwa dalili ya ulevi. Kila Jumamosi, wanaume walipomaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya kufyeka njia na kuzibua mitaro, Léonce alirudi nyumbani na panga bado lina hamu. Minyaa hukatwa ikaota tena bila kinyongo, na kwa hiyo aliamini kila chenye majani kiliumbwa kwa ajili ya panga lake. Akamaliza uzio, akageukia mgunga, akauviringa kama yai. Kazi safi kabisa. Jirani yao Illuminée aliisifu kila Jumapili baada ya misa, kisha akauliza kwa upole maua yanatarajiwa mwaka gani.

Jumamosi moja ya kiangazi cha 1992, Spéciose alikuwa akifagia takataka za mumewe alipoona kitu kwenye vijiti vilivyokatwa. Vilikuwa vijitumba vidogo kama punje za ulezi, vimejipanga kwenye matawi ya mwaka uliopita. Akainama, akaokota kijiti, akaelewa yote.

"Baba Christella, umekata maua."

"Maua yapo wapi? Mimi nimekata fujo."

Walibishana mpaka maharage yakaungua. Mwishowe Léonce, kwa ukarimu uliomstaajabisha hata yeye mwenyewe, akatoa hukumu. Matumba yaliyosalimika kule chini hatayagusa. Lakini mwezi wa Agosti wakwe watakuja kwa gusaba, kumposa binti yao Christella, na kama siku hiyo kichaka hakijachanua, kitang'olewa kesho yake. Mahali pale angejenga kibanda cha kunywea pombe na marafiki zake, jambo ambalo nchi ilikuwa imelisubiri kwa muda mrefu.

Matumba yakavimba. Spéciose alianza kuamka mapema kwenda kuyatazama.

Siku moja kabla ya gusaba alikwenda Ndera kuchukua pombe ya mtama kwa dada yake. Aliporudi, nyumba iling'aa. Njia ilikuwa imefagiliwa, uzio umenyooka, na mgunga umekuwa yai kamili kutoka juu hadi chini. Léonce alisimama kando yake, jasho likimtiririka, na uso wa mtu anayengoja asante.

"Wageni wanakuja," akasema. "Ungetaka waone aibu?"

Spéciose alikwenda kuhifadhi pombe.

Kesho yake wakwe walifika na ng'ombe wao kutoka Bugesera, eneo kame ambako watu wanaujua mgunga. Kama ilivyo desturi, kila upande ulikuwa na msemaji, na wasemaji hao walitakiwa kuchokozana kabla ya kupatana. Upande wa mwenye nyumba alisema Shyaka, kaka yake Léonce. Upande wa wageni alisema mzee Mutsinzi, ambaye alizunguka mbali kwanza, akasifu kilima, akasifu viti, kisha akakohoa.

"Tumeambiwa hapa kuna msichana mzuri. Ila mlangoni tumeona mgunga umenyolewa kama kuruta. Sasa tunaogopa. Na binti mmemkata hivyo hivyo, asichanue?"

Watu wakacheka hadi wengine wakaacha mirija yao. Shyaka, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani, alilikosa. Spéciose akainama kumwongezea pombe, na kumwongezea huko kukachukua muda kuliko kawaida.

"Shemeji," akamnong'oneza, "mpe sharti." Akamwambia lipi.

Shyaka akajinyoosha. "Mzee Mutsinzi, umeona vema. Binti tutawapa, lakini panga lisiguse mgunga ule mpaka Christella arudi kututembelea na mtoto mgongoni. Mkikubali, tunywe."

"Tumekubali," akasema Mutsinzi. "Na baba mwenye nyumba?"

Macho yote yakamgeukia Léonce, mrija mdomoni. Neno lililosemwa mbele ya wakwe juu ya pombe halirudishwi, ila urudishe na ng'ombe wa mahari. Léonce alimtazama ng'ombe. Alikuwa ng'ombe mzuri. Akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi zilizofuata aliupita mgunga kwa mbali, kama mtu anayempita mbwa wa jirani. Nao ukajiotea utakavyo, matawi huku na huku, fujo tupu. Christella alikuwa bado hajazaa kiangazi cha 1993 kilipoingia, na asubuhi moja kichaka kizima kikawa cha manjano, vishada laini kama vifaranga, nyuki wakivuma hadi barabarani. Watu walipanda kilima kuja kutazama. Illuminée alikuja mara mbili na hakuuliza lolote.

Léonce aliwapokea wote. Alisimama mikono nyuma akiwaeleza kwa sauti ya mwalimu mkuu.

"Siri ni kutokuukata. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea."

Spéciose alimwomba tu asogee kidogo, maana alikuwa amesimama mbele ya maua.